Namna Nilivyomfundisha Mkuu wa Shule Kupanda kwa Mama Yake

Wiki iliyopita kijana mmoja wa bodaboda alinisimamisha hapa Handeni mjini, jirani na soko. Akatoa simu, akanionyesha picha ya mwanaume asiye na shati, tumbo limegawanyika vipande vipande kama mkate.

"Shikamoo, ticha. Nataka tumbo kama hili kabla ya harusi yangu."

"Marahaba. Harusi lini?"

"Jumamosi ijayo."

Nikamtazama yeye, nikatazama chipsi mayai alizoshika mkono wa pili, nikaendelea na safari yangu. Mimi ni mstaafu mwenye presha, sitaki kubishana na watu barabarani.

Lakini swali lake lilinikera mpaka nyumbani, ndiyo maana naandika. Nyie vijana mnataka mwili uwasikilize kwa siku saba, na hamko peke yenu. Hata mimi niliamini hivyo, tena nikiwa nalipwa mshahara. Nimefundisha michezo shule ya sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa nafundisha uongo. Si kwa makusudi. Nilifundisha nilivyofundishwa: kimbia mpaka utapike, usiguse maji mpaka mazoezi yaishe, na misuli ikiuma sana ujue mambo yamekaa sawa. Wanafunzi waliniita Ticha Filimbi. Wengine walikuwa na majina mengine ambayo siyaandiki, maana sasa ni wazazi na wana heshima zao.

Aliyenitoa ushamba alikuwa bosi wangu, Mwalimu Shemndolwa, mkuu wa shule yetu. Msambaa wa Bungu, mtu mpole, mwenye sauti nzito na kitambi cha kutosha familia mbili. Asubuhi mstarini kitambi kilifika kwanza, yeye akafuata.

Siku moja mwezi wa pili aliniita ofisini, akafunga mlango. Nikajua ni habari ya ile mipira miwili iliyopotea. Nikaanza kujitetea kabla sijakaa.

"Achana na mipira, mwalimu," akasema. "Nataka unifundishe kupanda mlima."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanisimulia jambo ambalo, haki ya nani, sikujua nilie au nitoke nje nikacheke vizuri.

Nyumbani kwa mama yake ni juu ya Bungu, kitongoji ambacho gari halifiki. Gari likikomea, unapanda kwa miguu njia ya mawe. Miaka sita nyuma alikwenda Krismasi, na kitambi chake kilikuwa kimeshakuwa kikubwa. Bodaboda wakamkataa: "Mzee, ukikaa nyuma tairi la mbele litanyanyuka." Akapanda hatua kadhaa, magoti yakagoma. Vijana wanne wakajitolea kumbeba kwa machela. Akalala, wakainua. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali, mmoja akamfunika kitenge kuanzia kichwani hadi miguuni.

Sasa, kwa wasiojua milima ile: machela inateremsha. Mgonjwa au mjamzito anateremshwa kwa machela mpaka barabarani. Ukiiona inapanda, tena imefunikwa, huulizi. Ni mtu anarudishwa nyumbani kuzikwa.

Mama wa nyumba ya kwanza aliiona, akatupa mzigo wa kuni, akashika kichwa na kupiga yowe. Yowe likapokelewa na nyumba ya pili, likapanda mlima haraka kuliko wale vijana. Machela ilipofika juu, wanaume walikuwa wameshika majembe na sururu wanabishana kaburi likae upande gani, na mama yake alikuwa chini, ameshikwa na wanawake wanne. Shemndolwa akafunua kitenge, akainuka nusu.

"Shikamoo, mama."

Loo! Watu walikimbia. Mzee mmoja wa ukoo aliangukia kwenye maharage, akalala humo humo mpaka alipohakikishiwa. Mama mwenyewe tu ndiye hakukimbia. Alisimama, akajifuta vumbi, akamlamba mwanawe kofi moja la nguvu.

"Nimeshakulilia," akamwambia. "Usirudi tena hapa kwa mabega ya watu. Ukija, uje kwa miguu yako."

Tangu siku hiyo hakwenda. Na mama naye hateremki, akipanda gari anatapika hadi afya inayumba. Miaka sita ni simu tu. Na sasa dada yake alikuwa amepiga kusema macho ya mama yanakwisha. Ni presha ya macho, daktari alishasema haiwezi kurudishwa nyuma. Labda angeona mpaka mwisho wa mwaka, labda asifike.

"Nataka anione kabla hajaacha kuona," Mkuu akasema, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Daktari wangu ameniruhusu, amesema nianze taratibu. Unaweza?"

Nikamwambia naweza, tena kwa kifua mbele. Lile neno "taratibu" lilipita sikio moja likatokea la pili.

Kesho yake alfajiri nikampa mazoezi ya vijana wa kidato cha nne. Kuzunguka uwanja, kuchuchumaa na kusimama mara mia, kuruka, kulala na kunyanyuka. Ni mtu mtiifu, alifanya yote huku akitoa sauti za trekta. Siku iliyofuata akaja anatamba. "Mbona siumwi? Nilidhani ni kazi kubwa!" Nikajisifu na mimi.

Vijana, hapa muwe chonjo. Mwili ambao haujazoea haulipizi siku ile ile. Unangoja siku ya pili, wakati umeshasahau umeukosea nini.

Kesho yake tena, saa nne asubuhi, mwalimu wa zamu akaja mbio darasani kwangu. "Ticha, Mkuu anakuita. Yuko chooni." Choo cha walimu kilikuwa cha kuchuchumaa. Nikagonga mlango.

"Mkuu?"

"Mwalimu," sauti ikatoka chini kabisa, "nimeshuka. Sipandi."

Mapaja yalikuwa yamekakamaa kama magogo. Komeo la mlango liko juu, yeye yuko chini, mkono haufiki. Tukaitana. Nikataka kuvunja mlango, Mhasibu akakataa. Aliyetuokoa ni Mama Mwajuma, mpishi wa shule. Alikuja na mwiko mkubwa wa ugali, akaupitisha kwa juu ya mlango. "Mkuu, pokea, sukuma komeo!" Akasukuma, mlango ukafunguka, tukamnyanyua watu watatu. Ugali wa mchana ule mimi sikula, nilisema nimefunga.

Mama Mwajuma ni Mzigua wa hapa hapa, na nyumbani alikuwa na punda watatu wa kubeba maji. Mchana akanifuata chini ya mti tunapoegesha baiskeli, mikono kiunoni.

"Mwalimu, wewe umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Mimi punda nikimnunua leo simpakii leo. Naanza na madumu matupu, azoee kelele zake. Halafu dumu moja la maji. Wiki nyingine mawili. Na siku akibeba sana, kesho yake namwacha malishoni ale na alale. Jirani yangu alipakia manne siku ya kwanza, mpaka leo anabeba maji kichwani mwenyewe."

"Mama Mwajuma, yule si punda. Ni mkuu wa shule."

"Basi mwonee huruma zaidi."

Nilikasirika, nikaenda nyumbani, nikakaa, nikafikiri. Yule mama alikuwa amenieleza kwa maneno machache jambo ambalo nimelipita chuoni bila kulielewa. Zoezi lenyewe halikupi nguvu. Zoezi linachanachana msuli michaniko midogo midogo, ndiyo yale maumivu ya siku ya pili. Ukila na ukilala, mwili unaziba pale, na unaziba kwa kuongeza kidogo, kama fundi aliyeona ukuta umepasuka akaweka na nondo. Ukiuchana tena kabla haujaziba, unabaki na nyufa. Ukiukawiza mno, unaona hakuna kazi, unaivua ile nondo. Ujanja wote uko hapo katikati, na punda wa Handeni wanaujua.

Tukaanza upya. Kutembea mpaka mwisho wa barabara ya shule na kurudi. Siku moja kazi, siku moja kupumzika. Kila wiki tunaongeza kidogo, hata mti mmoja mbele. Mkuu akaniuliza utaratibu huu mzuri nimeutoa wapi. Nikamwambia vitabuni.

Mwezi wa tatu akaanza kukimbia polepole, amevaa traksuti ya buluu iliyombana, mimi nyuma juu ya baiskeli napuliza filimbi. Hatukufikiria tunaonekanaje. Alfajiri moja, kona ya mashine ya kusaga, mama mmoja akatokea na mchi mkononi, akasimama katikati ya njia.

"Kaiba nini huyo?"

"Mimi ni mkuu wa shule!" Shemndolwa akapiga kelele, pumzi juu juu.

"Ndiyo hao hao!" mama akajibu, akainua mchi. Kama si filimbi yangu kuwaita walinzi wa mashine, tungeandika mengine.

Ujuaji wangu mwingine ulikuwa wa maji. Niliamini maji katikati ya mazoezi yanaleta kichomi na uvivu. Mwezi wa tatu ule jua la Handeni mnalijua. Siku moja ya Jumamosi tulichelewa kuanza, tukawa nje saa nne, Mkuu anaomba maji, mimi nasema "Bado, vumilia, kufa kiume." Akakaribia kufa kweli. Aliacha kutoka jasho, akaanza kunijibu mambo ambayo sijamuuliza, akakaa chini ya mgunga. Mmasai mmoja aliyekuwa anachunga akaja na kidumu chake, akamnywesha, akammwagia kichwani. Kisha akaninyooshea fimbo.

"Wewe, ng'ombe yako unanyima maji?"

Mara ya pili ndani ya miezi miwili napewa somo la mifugo. Baadaye nikajua kwamba joto nalo mwili unalizoea, ila kwa kuonjeshwa. Baada ya wiki mbili za kutoka kidogo kidogo, jasho la Mkuu lilianza kutoka mapema, jingi, na halikuwa na chumvi ile ya mwanzo iliyoacha ramani nyeupe kwenye traksuti. Mwili umejifunza kujipoza. Lakini jasho ni maji, haliwezi kutoka kwenye pipa tupu.

Niliyoyaona miezi iliyofuata yalinifurahisha kuliko vikombe vyote. Kila asubuhi kabla hajainuka kitandani, mke wake alikuwa anamhesabia mapigo ya moyo kwa saa ya ukutani. Mwanzo moyo ulikuwa unakimbia kama mtu anayedaiwa. Kadiri wiki zilivyopita, mapigo yakapungua. Mke akashtuka, akanipigia simu, "Ticha, moyo wa mume wangu unazimika!" Nikamwambia hapana, mama, moyo nao ni msuli. Umepata nguvu, sasa pigo moja linasukuma damu nyingi, hauna haja ya kuhangaika. Mizani yenyewe haikubadilika sana. Kitambi kilikuwepo, ila sasa kilikuwa kitambi chenye pumzi. Na hilo mlishike, nyie mnaopima kila kitu kwa kioo.

Tukaja kukosea tena, safari hii wote wawili. Tulikuwa tunakimbia tambarare, anakwenda vizuri, tukajiona tumemaliza. Siku moja nikampeleka kilima cha mnara wa simu. Robo ya njia, chali. Mwili unazoea kile unachoupa, si kitu jirani yake. Miguu ya tambarare ni ya tambarare. Tukahamia kilimani, na huko tukagundua kwamba kupanda kunakata pumzi, lakini kinachouma kesho yake ni kushuka. Alishuka ngazi za ofisi kinyumenyume wiki nzima. Wanafunzi wakadhani ni mtindo wa wakubwa, kuna waliomwiga.

Mwezi wa tisa ukaja msimu wa harusi za ndugu na mitihani ya kidato cha nne ikakaribia. Wiki tatu hatukuonana kwenye mazoezi. Aliporudi alikuwa na pilau usoni, na kilima alichokuwa anakipanda bila kusimama kikamsimamisha mara nne. Mwili unasahau, tena pumzi ndiyo inayosahau kwanza. Nilifoka bila kujali cheo chake. "Mkuu, kama hutaki, sema!"

Akatoa simu akanipa nisikilize ujumbe wa sauti aliotumiwa na dada yake. "Kaka," sauti ikasema, "juzi mama kaita mbuzi jina la mtoto wa jirani, akamwambia aingie ndani ale. Nilicheka mpaka nikaenda jikoni kulia. Usingoje Krismasi."

Nilimrudishia simu. Tulikuwa tumebakiza kazi ya miezi mitatu na sasa hatukuwa nayo. Tukafanya wiki sita, kilimani, siku ndiyo siku hapana, na hakukosa hata moja. Nilitamani kumwongezea, mkono ukiniwasha kwenye filimbi, lakini nikamkumbuka Mama Mwajuma na jirani yake, nikajizuia. Mwisho wa wiki ya sita tukapanda basi hadi Korogwe, tukapata gari la kutufikisha Bungu.

Gari lilipokomea, wale vijana wa machela walikuwepo kibandani, sasa ni watu wazima wenye ndevu. Mmoja akamtambua.

"Shikamoo, mzee. Tuilete?"

"Marahaba. Asante, leo nina miguu."

Tukaanza. Kona ya kwanza nilikuwa namshauri. "Taratibu, Mkuu, vuta pumzi kwa pua." Kona ya pili ushauri ukapungua. Kona ya tatu nikaona nyota mchana. Jamani, hapa ndipo nilipogundua upumbavu wangu mkubwa. Karibu miezi tisa yote mimi nilikuwa juu ya baiskeli, kwenye kilima cha mnara nilikuwa nakaa chini kivulini na filimbi. Aliyefanya mazoezi ni Shemndolwa peke yake. Mwili hauzoei kwa kutoa amri. Kifua kilikuwa kinaniwaka, mapaja yanatetemeka, na bosi wangu mwenye kitambi amesimama juu yangu kwenye jiwe, anapumua kama mtu aliyetoka kunywa chai.

"Mwalimu, kunywa maji," akaniambia, akanipa chupa.

"Wale vijana wa machela wameshaondoka?" nikauliza.

Alicheka mpaka akakaa. Kisha akachukua begi langu, akaliweka juu ya lake, na tukapanda hivyo, yeye mbele na mizigo, mimi nyuma nikishika magoti kwa mikono. Wanawake njiani walimsalimia yeye, mimi wakanipa pole.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, anachambua maharage kwa vidole. Alisikia hatua, akainua uso, akakunja macho.

"Nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

Hakuitika. Akanyoosha mkono, akashika mguu wa mwanawe, akabonyeza kigimbi kama anayenunua mbuzi. Akabonyeza na cha pili. Akamwambia kitu kwa Kishambaa, na Mkuu akafuta uso kwa mkono wa shati. Nikadhani sasa watakumbatiana, nikageuka pembeni kuwapa nafasi.

"Ndoo ile pale," mama akasema. "Maji yako bondeni. Kamwagie kabichi zangu."

Mkuu wa shule, mtu wa wanafunzi mia kadhaa, akachukua ndoo, akateremka kisimani. Akapanda nayo begani, akamwagia kabichi. Mama akamwonyesha tuta la pili. Akateremka tena. Alipoteremka mara ya tatu niliona mama anamwonea, ametoka safari ndefu na hata chai hajapewa. Nikajikokota jikoni kutafuta kikombe angalau nimpokee na maji ya kunywa. Nyuma ya mlango kulikuwa na pipa, limejaa mpaka mdomoni. Nje, mfereji wa kumwagilia unapita jirani kabisa na bustani, na yale matuta mengine yote yalikuwa na unyevu.

"Mama," nikamwambia, "mbona maji yako tele?"

"Nyamaza," akanijibu kwa sauti ya chini, uso wake umeelekea njiani. "Kaa hapa. Akitokea pale kwenye migomba uniambie, pale mimi sipaoni tena. Akifika huku karibu nitamwona mwenyewe."

Nikakaa. Baada ya muda kidogo nikamwona Shemndolwa anaibuka kwenye migomba, ndoo begani.

"Ametokea, mama."

"Anakwendaje?"

"Anakwenda vizuri. Hajasimama."

Mama akaacha maharage, akashika magoti yake kwa mikono miwili na kutazama. Mwanawe alipokaribia, macho yake yakaanza kumfuata hatua kwa hatua, mpaka kwenye kabichi, mpaka ndoo ikaisha.

"Bado hayajatosha, mwanangu," akamwambia. "Nenda tena."